Tupite Juu ama Chini?

Nikifika Kangemi na abiria wangu kutoka Nakuru, huwa napunguza mwendo kidogo na kutazama kwenye kioo nani amelala na nani yuko macho. Kuna swali ambalo lazima liulizwe kabla ya Westlands: tupite juu ama chini? Juu ni Nairobi Expressway, barabara ya kulipia. Chini ni Waiyaki Way, Uhuru Highway na Mombasa Road, ambazo ni za bure, ikiwa kukaa saa mbili nyuma ya lori la mchanga ni bure.

Mimi ni dereva. Naishi Free Area, Nakuru, na gari langu ni Noah ya watu saba ambayo mkopo wake nimeumaliza juzi tu. Siketi steji kungoja zamu. Kazi yangu ni kupeleka watu uwanja wa ndege wa JKIA, Nairobi, na kuwachukua wakirudi. Nimebeba wanafunzi, nimebeba wakimbiaji wa huku juu Rift Valley wanaokwenda mbio Ulaya na begi moja dogo kana kwamba wanaenda sokoni. Lakini wateja wangu wengi ni vijana wa Kakamega, Vihiga, Bungoma na Busia wanaokwenda kazi Ghuba. Hao huteremka Nakuru, hulala kwa jamaa, kisha asubuhi tunaondoka. Msafiri ni mmoja, wasindikizaji ni watano, na wa sita akiwapo hukalia ndoo.

Somo la kwanza la kazi hii nililipata Novemba 2021, na sikulilipia mimi.

Alikuwa msichana wa upande wa Shinyalu, anakwenda Saudia kwa mkataba wa miaka miwili. Alisindikizwa na mama yake, mjomba, dada wawili na mchungaji. Ndege ilikuwa ya saa tatu na nusu usiku. Tulitoka Nakuru saa sita mchana. Kutoka hapa hadi Nairobi ni kama kilomita 160, na siku njema unatumia saa tatu. Mama aliniuliza kabla hata sijawasha gari, "Mwanangu, tutafika?" Nikamwambia kwa mdomo mpana, "Mama, saa kumi utakuwa unakunywa chai uwanja wa ndege."

Kinungi tukakuta lori limelala ubavu, limeziba upande wetu wote. Saa mbili zikaishia hapo. Tulipofika Westlands ilikuwa imegonga saa kumi na moja na nusu, Ijumaa, na mvua imeanza. Wakati huo Nairobi yote ya katikati ilikuwa imepasuliwa. Kazi ya barabara ya juu ilikuwa imetanda kuanzia Westlands hadi Mlolongo, nguzo nyingine zina vichwa, nyingine hazina, na chini njia zilikuwa zimebanwa na mabati na matope. Unafuata mshale unaokupeleka kushoto, mbele unakuta mshale mwingine unakurudisha kulia.

Wajuaji wataniuliza kwa nini sikukata Southern Bypass pale Kikuyu. Ni swali la haki. Mwenzangu alikuwa amenipigia simu kwamba huko nako kumefungana, na hata kama kungekuwa wazi, Southern Bypass inakumwaga Mombasa Road ile ile iliyokuwa imechimbwa. Nikaamua kukata mji katikati. Uamuzi ulikuwa wangu.

Mchungaji aliomba mara mbili kati ya Nyayo Stadium na Bellevue, na baada ya amina ya pili bado tulikuwa kati ya Nyayo Stadium na Bellevue. Mjomba alishuka akatembea mbele kwenda kuona kuna nini, akarudi amelowa, akasema hakuna kitu, ni magari tu. Msichana mwenyewe hakusema neno. Alikuwa amepakata bahasha ya kaki yenye pasipoti na karatasi za mkataba, na kidole gumba chake kilikuwa kinasugua kona moja ya bahasha, kinasugua tu, mpaka kona ikalegea kama chapati ya jana. Nilikuwa naiona kwenye kioo kila nikitazama nyuma. Nikaacha kutazama nyuma.

Tulifika lango la JKIA saa tatu kasoro dakika kumi. Siku hizo pale abiria walikuwa wanashuka, wanapita kwenye ukaguzi kwa miguu, dereva anapita na gari na kuwachukua upande wa pili. Nilipowakuta upande wa pili walikuwa wanakimbia, mama ameshika viatu mkononi. Wale wa kupokea mizigo walikuwa wameshafunga.

Tulilala ndani ya gari kwenye kituo cha mafuta. Tiketi mpya ilipatikana baada ya siku nne, na familia ndiyo iliyolipa. Baadaye nilisikia kwamba kuna mtamba uliouzwa. Nilirudisha nusu ya nauli, lakini nusu ya nauli hainunui hata mguu wa mtamba. Kilichonikaa rohoni ni kwamba mama hakunilaumu. Alisema tu, "Ni barabara, mwanangu." Angenitukana ningelala vizuri zaidi.

Tangu siku hiyo simwambii mtu saa ya kufika. Namwambia saa ya kutoka.

Barabara ya juu ilifunguliwa kwa majaribio tarehe 14 Mei 2022, na mwezi Julai Rais Uhuru Kenyatta akaizindua rasmi. Ni kilomita 27 na kidogo, kutoka Mlolongo hadi Westlands. Imejengwa na kampuni ya Wachina, China Road and Bridge Corporation, kwa makubaliano kwamba wao watafute pesa za kujenga, kisha wakusanye ushuru kwa miaka 27 kabla ya kuikabidhi serikali. Nikapiga hesabu ya umri wangu na hiyo miaka 27, nikaona afadhali nizoee kulipa.

Mara yangu ya kwanza kupanda ilikuwa wiki ya pili tu. Nilikuwa na wanafunzi watatu na nilitaka kuonekana mwenyeji. Nikaona njia moja haina foleni kabisa, nikajitosa humo. Kumbe ni njia ya wale wenye kifaa kilichobandikwa kwenye kioo, ambacho mashine hukisoma na mti hujiinua wenyewe. Mimi sina kifaa. Mti haukuinuka. Nyuma yangu magari matatu, manne, honi. Nikajaribu kurudi nyuma, honi zikazidi. Mhudumu akaja na kizibao chake cha kung'aa, akawasihi wa nyuma warudi mmoja mmoja kama mtu anayekusanya ng'ombe, kisha akanionyesha dirisha la pesa taslimu. Hakunicheka. Wanafunzi ndio walionicheka, mpaka JKIA.

Lakini huko juu! Nataka niseme ukweli hapa, maana kuna watu wakiandika kuhusu barabara hii ni ama wanaisifu kama pepo ama wanailaani tu. Tulipopanda na kuvuka Museum Hill, mji ukashuka chini yetu. Barabara ambayo nimeivuka kwa miaka nikiwa nimetazama taa za breki za mtu mwingine, sasa naitazama kutoka juu: mizunguko, paa za mabati, matatu zimejipanga kama siafu. Kikomo cha mwendo ni kilomita 80 kwa saa, na kwa mwendo huo mwisho hadi mwisho ni dakika ishirini. Bellevue, pale mchungaji alipoomba mara mbili, tulipita nikiwa namalizia sentensi. Nikanyamaza. Wanafunzi walidhani nimekasirika kwa sababu ya kucheka kwao.

Siku hizo za mwanzo watu walikuwa wanasimamisha magari huko juu kupiga picha. Mimi pia nilitamani.

Kosa langu la pili lilikuja baadaye, nilipokwisha kuizoea, na ndilo ninalowaonya madereva wageni kutoka Kisumu na Eldoret. Huko juu huwezi kugeuza gari. Chini ukikosea kona unazunguka kituo cha mafuta, mambo yamekwisha. Juu ukipita mlango wako umepita. Nilikuwa napiga soga na abiria kuhusu bei ya mahindi, na bei ya mahindi ni jambo linaloweza kumpotezea mtu akili, nikapita mlango wa JKIA nikiutazama hivi. Nilishuka mbele huko upande wa Mlolongo, nikalipia umbali ambao sikuuhitaji, kisha nikarudi kwa barabara ya chini. Dakika zote tulizookoa tangu Westlands nikaziacha kwenye foleni ya malori. Sasa nikipita Southern Bypass naomba watu wote wanyamaze, hata anayeomba aombe kimoyomoyo.

Halafu kuna pesa. Mwanzoni gari dogo lililipa kati ya shilingi 120 na 360 kulingana na umbali. Januari 2024 ikapanda, 170 hadi 500. Sababu tuliyopewa ni kwamba mkopo ni wa dola na shilingi imeanguka. Sawa. Lakini mwaka huo huo shilingi ilipoinuka tena, sikuona ushuru ukishuka nayo. Bei ni kama paka: kupanda mti anajua, kushuka ni shida.

Nani alipe? Mwanzoni nilikuwa nauliza pale pale Westlands, dakika ya mwisho, na nikajifunza kwamba hapo ni mahali pabaya mno pa kuzungumzia pesa. Nyuma wanakupigia honi. Mbele njia inagawanyika. Ndani ya gari mjomba anasema juu, shangazi anasema chini, msafiri hana sauti kwa sababu nauli si yake. Siku moja bibi mmoja wa Mumias aliniuliza, "Dereva, hii ya chini imeharibika?" Nikasema la, bibi, iko sawa. "Sasa hiyo nyingine tunanunulia nini?" Nikaanza kumweleza, na kabla sijamaliza tulikuwa tumeshauacha mlango wa kupandia, tumeenda chini. Bibi akashinda bila kujua kama alikuwa anashindana.

Siku hizi jambo hilo nalimaliza Nakuru, mizigo ikiwa bado haijapakiwa. Nawaambia nauli ni hii, ya barabara ni hii juu yake, na kama hamtaki tutoke saa mbili mapema zaidi. Wote mnachagua, naandika kwenye simu, basi. Wengine huchagua kutoka mapema. Nawaheshimu. Kwa mtu anayevuna chai au anayeuza samaki Dunga, saa mbili za kukaa ndani ya gari ni bei nafuu kuliko shilingi mia tano. Saa yake haijawahi kununuliwa kwa bei hiyo na mtu yeyote.

Ila ndege ikiwa ya jioni, mimi mwenyewe hulazimisha juu, na ikibidi natoa mfukoni. Sifanyi hivyo kwa sababu ya haraka. Chini pia unaweza kufika kwa dakika arobaini, siku Mungu akitaka, na siku nyingine ni saa tatu, na huwezi kujua ni siku ipi mpaka uwe umeshaingia. Juu ni dakika ishirini Jumatatu na dakika ishirini Ijumaa. Nalipia kule kujua. Ningekuwa na barabara hiyo Novemba 2021, ningelipa hata elfu tano.

Sisemi kwamba mji umepona. Bodaboda haziruhusiwi huko, tuktuk haziruhusiwi, anayetembea kwa miguu ndiyo kabisa. Matatu nyingi zimebaki chini, na chini ndiko wengi walipo. Kuna miti mikubwa ya Nyayo iliyokuwa imejaa korongo, wale ndege wenye sura ya mzee aliyekosa pensheni. Miti ilipokatwa wakahama. Mti wa mugumo wa Waiyaki Way ulinusurika, Novemba 2020, kwa amri ya Rais baada ya watu kupiga kelele, na nikipita hapo na wazee huwa nawaonyesha. Mama mmoja wa Vihiga aliutazama mpaka shingo ikamgeuka. "Hata kwetu mti huo haukatwi hivi hivi," akasema. Kilomita 27 za zege hazikumshangaza. Mti ndio uliomshangaza.

Na foleni yenyewe haikufa. Ilihama. Ukitoka JKIA unafika Westlands ukiwa bado unajisifu, halafu unashuka na kukutana na Kangemi, Uthiru, Kinoo, mpaka Rironi. Desemba ndiyo usiseme. Watu wote wa magharibi wanapanda nyumbani siku moja, Krismasi haina njia mbili. Nimewahi kuvuka Nairobi nzima kwa dakika ishirini na mbili, nikakaa saa nne kati ya Kinungi na Gilgil nikitazama matako ya lori lililoandikwa "Subira". Abiria mmoja akasema barabara ya juu ni kama kumeza kwa haraka chakula ambacho bado hujapika. Sikumwelewa vizuri lakini nilicheka, alikuwa mwalimu.

Mwisho wa Novemba 2025 Rais Ruto alizindua upanuzi wa barabara yetu hii, kutoka Rironi hadi Mau Summit, kilomita 175, na tawi la Mai Mahiu kilomita 58. Ule mkataba wa awali wa Wafaransa wa mwaka 2020 ulivunjwa, sasa wajenzi ni Wachina wakishirikiana na mfuko wetu wa hifadhi ya jamii, NSSF. Na hii pia ni ya kulipia. Iliyotajwa ni shilingi 8 kwa kilomita. Zidisha mwenyewe: Rironi hadi Mau Summit ni 1,400, kwenda tu. Hapa Nakuru, kwenye kibanda cha chai tunapokutana madereva, hakuna habari nyingine. Vijana wanasema watu watarudi Nairobi kwa punda. Mimi nilikumbuka lori la Kinungi lililolala ubavu, nikakaa kimya. Ninachouliza ni kimoja: Nairobi asiyetaka kulipa ana barabara ya chini. Sisi chini yetu itakuwa ipi? Nikiulizwa "juu ama chini" pale Salgaa, nataka nami niwe na la kuchagua. Hilo nimelisema kibandani mara nyingi hadi mama wa chai huwa analimalizia kabla yangu.

Yule msichana wa Shinyalu alirudi Februari 2024. Mkataba wa miaka miwili, akaongezewa miezi. Mama yake ndiye aliyenipigia simu, namba alikuwa ameihifadhi kwa jina "Dereva Nakuru". Nilidhani nimekosea kusikia. Baada ya yote yale, bado mimi?

Nilimkuta nje na mabegi matatu makubwa yaliyofungwa kwa gundi ya karatasi kila upande. Alikuwa amenenepa kidogo, na alitembea kama mtu ambaye miguu yake haijaizoea ardhi. Ilikuwa saa tisa na nusu mchana. "Anko, ni wewe," akasema, "gari ni lile lile." Tukapakia. Mama alikuwa anamsubiri Nakuru kwa jamaa, na kila dakika kumi simu ililia: mko wapi?

Nilipokaribia njia panda nikamuuliza kama ninavyowauliza wote. Hakufikiri. "Juu," akasema, "na leo nalipa mimi." Akafungua pochi, akatoa noti, akanipa. Riyali. Akatafuta zaidi, riyali tena, na kwenye mfuko wa pembeni noti moja ya shilingi elfu moja ya zamani, ile ambayo tangu Oktoba 2019 haitumiki, aliyokuwa ameiweka kama kumbukumbu. Nikalipa mimi. Aliirudisha noti yake mahali pake akaifungia zipu.

Nilikuwa nimepanga kumwonyesha. Nilikuwa na maneno kabisa tayari: hapa ndipo mchungaji alipoomba, hapa ndipo mjomba alipolowa. Tulipofika Bellevue nikageuka. Alikuwa amelala, kichwa kimeegemea dirisha, mdomo wazi kidogo. Nikazima redio. Haile Selassie, Museum Hill, Westlands, akalala. Foleni ya Kinoo akalala. Simu ya mama ikalia, nikaipokea mimi, nikamwambia tumeshatoka Nairobi. Akauliza tutafika saa ngapi. Nikamwambia, mama, tumeshatoka Nairobi.

Kikopey, moshi wa nyama choma ulipoingia dirishani, ndipo alipofumbua macho. Akajinyoosha, akatazama nje kwenye giza lililokuwa linaanza, akaniuliza kama bado tuko mbali na Westlands.